Joto Jingi, Joto Maskini

Toyota Mirai, gari la haidrojeni lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2014, lina matundu mawili makubwa ya hewa usoni, moja kila upande. Wengi waliyaona kuwa mbwembwe za wabunifu, lakini kwa sehemu kubwa ni suala la joto. Seli za fueli za toleo lile la kwanza zina uwezo wa kilowati 114, na zinapofanya kazi kwa nguvu zote joto linalotoka halipishani sana na umeme wenyewe. Gari la petroli nalo hutoa joto jingi, ila sehemu kubwa yake huondoka na moshi kupitia ekzosi, likiwa na mamia ya nyuzi. Seli ya haidrojeni haina moshi wa moto. Hewa inayotoka humo ni vuguvugu, imechanganyika na mvuke wa maji. Joto karibu lote lazima lipite kwenye rejeta, tena likiwa na nyuzi 80 za Selsiasi au pungufu.

Joto la kiasi hicho linatia tamaa. Ndiyo maana majarida ya uhandisi yamejaa makala zenye pendekezo moja: tubandike kati ya seli na rejeta vigae vya thamoelektriki, vile vinavyogeuza tofauti ya joto kuwa umeme bila gurudumu wala pistoni, nasi tuvune kinachopotea. Pendekezo linavutia kwa sababu pande zote mbili, seli na vigae, hazina sehemu zinazozunguka, zote hazipigi kelele, na zote hutoa umeme wa mkondo mnyoofu. Hata hivyo, ukikaa na kalamu utakuta kwamba mahali pengi linapopendekezwa ndipo lisipofaa, na pale linapofaa ni pembeni, karibu na seli lakini si kwenye seli yenyewe.

Tuanze na joto linakotoka. Seli ya fueli haiunguzi kitu. Haidrojeni huingia upande wa anodi, kichocheo cha platinamu kikaivua elektroni zake. Protoni hupenya utando mwembamba, elektroni hulazimika kuzunguka nje kupitia waya zikifanya kazi njiani, kisha zote hukutana na oksijeni upande wa kathodi na kuwa maji. Mwanasayansi wa Wales, William Grove, alikwisha kuonyesha jambo hili mwaka 1839. Kila moli ya haidrojeni inapogeuka kuwa maji huachia kilojuli 286. Kati ya hizo, 237 zinaweza kuwa umeme na 49 ni lazima ziwe joto, hata seli ikitengenezwa na malaika. Hiyo ni hasara ya kwanza, na haina dawa.

Hasara ya pili ndiyo kubwa, nayo ni ya kibinadamu zaidi. Kwa nadharia kila seli ingetoa volti 1.23. Kazini hutoa karibu 0.7. Oksijeni ni mvivu kuachana na umbo lake kwenye kathodi, utando una ukinzani wake, na mkondo ukipanda gesi huchelewa kufika zinakohitajika. Kila sehemu ya volti inayopotea hapo hugeuka joto papo hapo. Kwa volti 0.7, kila kilowati moja ya umeme huandamana na joto la kilowati 0.8 maji yakitoka kama mvuke, au 1.1 yakitoka kama kimiminika. Kwa hesabu zetu tuseme kilowati kwa kilowati. Kumbuka tu chanzo cha hasara hii ya pili, kwa sababu mbele itatudai.

Upande wa vigae, historia ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Thomas Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti na kupasha kiungo kimoja, sindano ya dira iliyo karibu husogea. Yeye mwenyewe alidhani ni usumaku uliozaliwa na joto. Kumbe ulikuwa mkondo wa umeme. Metali za kawaida hutoa umeme kidogo mno kwa njia hiyo, na kazi halisi ilianza zilipopatikana semikonda. Abram Ioffe na wenzake wa Leningrad ndio waliosukuma mbele nadharia na matumizi, na katika miaka ya 1950 vijiji vya Urusi ambavyo havikuwa na umeme vilisikiliza redio kwa kifaa kilichovishwa juu ya taa ya mafuta ya taa: taa inawaka kwa ajili ya mwanga, na joto la chemni yake linaendesha redio. Msomaji aliyelelewa na chemli ataelewa haraka kwa nini wazo lile lilikuwa zuri. Joto lilikuwa limekwisha kulipiwa, lilikuwa kali, na hakukuwa na mtu mwenye kulitaka.

Kigae cha kawaida cha leo ni mraba wa sentimita 4 kwa 4, ndani yake mna jozi 127 za vijiti vidogo vya teluridi ya bismuthi vilivyopangwa kwa mfuatano kati ya bamba mbili za kauri. Uzuri wa kiambato hupimwa kwa kipimo kiitwacho ZT, kinachounganisha mambo matatu: volti ngapi hutoka kwa kila nyuzi ya tofauti, umeme hupita kwa urahisi gani, na joto huzuiwa kiasi gani. Hapo pana ugomvi wa maumbile, maana kitu kinachopitisha umeme vizuri kwa kawaida hupitisha na joto vizuri. Teluridi ya bismuthi ina ZT ya karibu 1 kwenye joto la kawaida hadi nyuzi 200 na kitu. Imekuwa hapo kwa miongo kadhaa, na sokoni haijapata mpinzani wa maana kwenye joto hilo.

Tuchukue seli ya kilowati moja, inayotoa joto la kilowati moja kwenye nyuzi 80, siku ambayo hewa ya nje ina nyuzi 30. Kanuni ya Carnot, ambayo hakuna mtambo wa joto uliowahi kuivunja, inasema hata injini kamilifu isingepata zaidi ya asilimia 14 ya joto hilo. Kigae chenye ZT ya 1, kikipewa tofauti yote ya nyuzi 50, kingepata asilimia 2.6 tu, yaani wati 26. Na tofauti yote hakipewi. Joto linahitaji msukumo ili litoke kwenye maji ya kupozea liingie kwenye bamba, na msukumo mwingine ili litoke bamba la pili liende hewani. Nguvu kubwa kabisa hupatikana kigae kikichukua nusu ya tofauti na vibadilisha joto vikachukua nusu nyingine. Nyuzi 25, basi. Ufanisi unashuka hadi asilimia 1.3 na mavuno hadi wati 13. Kwa tofauti hiyo kila kigae kinatoa sehemu ya tano ya wati na kupitisha joto la wati 15 hivi, kwa hiyo vinahitajika vigae 65 au zaidi. Tukikisia dola 3 kwa kigae, ni karibu dola 200 kwa wati 13, kabla ya kununua mabomba, gundi ya joto na kifaa cha kurekebisha volti. Paneli ya jua ya wati 20 pale Kariakoo haigharimu hata robo ya fedha hizo.

Joto hili ni kama mto: maji yake ni mengi, kinachokosekana ni mteremko. Kihansi, kule Morogoro, ni mto mdogo, lakini unaporomoka zaidi ya mita 800 na mitambo yake ina uwezo wa megawati 180. Iko mito mipana ya bondeni ambayo isingeendesha hata kinu cha kusaga. Joto la nyuzi 80 ni la bondeni.

Wati 13 juu ya 1,000 mtu anaweza kusema si haba, kidogo kidogo hujaza kibaba. Lakini kuna bei isiyoonekana kwenye risiti. Mwanzoni rejeta ilikuwa na nyuzi 50 za kufanyia kazi. Sasa kigae kimechukua 25, na rejeta imeachiwa 25 itoe joto lilelile. Itabidi eneo lake liwe maradufu, au feni ipulize kwa nguvu zaidi, na feni ya rejeta ya kilowati moja inaweza kumeza wati 13 bila kushiba. Ukikataa kuongeza rejeta, joto la seli litapanda, utando utakauka, na ukikauka ukinzani wake unaongezeka na maisha yake yanafupika. Gari la haidrojeni tayari lina shida ya kupoza. Ukiliongezea blanketi kati ya injini na rejeta, hata blanketi lenye kutoa umeme kidogo, umeligusa penye kidonda. Na hesabu hiyo nimeifanya kwa nyuzi 30. Mchana wa Februari Dar es Salaam, au lori likipanda Kitonga likiwa na mzigo, mambo ni mabaya zaidi.

Sasa turudi kwenye ile hasara ya pili. Seli inafanya kazi kwa volti 0.7. Ikiongezwa milivolti 10 tu, ikawa 0.71, umeme unapanda kwa asilimia 1.4 kwa haidrojeni ileile. Kwa seli yetu ya kilowati moja ni wati 14. Yaani milivolti 10 zinalingana na vigae vyote 65. Na milivolti 10 si ndoto: utando mwembamba zaidi, unyevunyevu ukisimamiwa vizuri, hewa ikisambazwa sawasawa, au seli kadhaa zikiongezwa ili kila moja ibebe mkondo mdogo. Faida hiyo huja pamoja na nyingine, kwa sababu volti ikipanda joto linapungua na rejeta inapumua. Vigae hulipa kidogo huku vikiongeza mzigo wa kupoza. Milivolti hulipa kiasi kilekile huku zikiupunguza. Sioni jinsi mhandisi mwenye bajeti moja angechagua vigae kwanza.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba viambato vinaboreka. Ni kweli vinaboreka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza fuwele ya selenidi ya bati yenye ZT ya 2.6, na habari ile ilitikisa fani nzima. Lakini namba hiyo ilipimwa kwenye kelvini 923, yaani nyuzi 650, na kwa fuwele moja iliyokuzwa kwa uangalifu, mbali na kigae cha kiwandani. Tufanye muujiza umetokea na tumepata ZT ya 2.6 kwenye nyuzi 80. Ufanisi wa kwenye karatasi unapanda kutoka asilimia 2.6 hadi 4.6, na kazini tunarudi kwenye 2 na kitu. Ukuta ni ile asilimia 14 ya Carnot, na kiambato hata kiwe bora namna gani hakiusogezi.

Kuna na suala la teluri yenyewe. Ni elementi adimu sana kwenye ganda la dunia, inakaribiana na dhahabu kwa uhaba, na kwa sehemu kubwa hupatikana kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa kwa umeme. Ni nadra kuchimbwa kwa ajili yake yenyewe. Paneli za jua za teluridi ya kadimi zinaitaka pia, na zinaitumia kwa faida kubwa zaidi. Kuipeleka kwenye rejeta za magari kwa malipo ya asilimia 1 ni anasa.

Basi tupande mteremkoni. Si seli zote za fueli zina nyuzi 80. Ziko zenye utando wa polibenzimidazoli uliolowa asidi ya fosforasi, zinazofanya kazi karibu na nyuzi 160, na Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kimekuwa na kundi linalochunguza hasa kuzioanisha na vigae vya thamoelektriki. Kwa nyuzi 160 hesabu yetu inapendeza kidogo: asilimia 5 na ushei kwenye karatasi, nusu yake kazini. Teluridi ya bismuthi haijafika mwisho wa uwezo wake, na rejeta ina nafasi ya kutosha hata ikigawana. Lakini seli hizi kwa kawaida hulishwa methanoli, na methanoli lazima ifanywe mvuke kisha ivunjwe kuwa haidrojeni. Kuifanya mvuke kunataka joto, na joto la nyuzi 160 linatosha kabisa kwa kazi hiyo. Kumbe tunachokiita joto la kutupwa tayari kina mwenyewe. Ukikipitisha kwenye kigae kwanza, sehemu ya mafuta itabidi iunguzwe kufidia.

Hali hiyo ni kali zaidi kwenye seli za oksaidi ngumu, zinazofanya kazi kati ya nyuzi 600 na 1,000. Hapa ndipo makala zinapokuwa na matumaini makubwa, na ukiangalia Carnot peke yake zina haki. Lakini hewa inayoingia kwenye seli hiyo haiwezi kuingia baridi, la sivyo kauri itapasuka. Lazima ipashwe hadi mamia ya nyuzi, na kinachoipasha ni ile hewa ya moto inayotoka. Kibadilisha joto kikishamaliza kazi yake, kinachobaki mara nyingi ni gesi ya nyuzi 200 au 300. Joto kali lilikuwepo ndani, ila lilikuwa likizunguka, halikuwa likitupwa.

Na kwa mitambo mikubwa ya aina hii vigae vina mshindani asiyeshindika. Mwaka 2000 Siemens Westinghouse walifikisha kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine, mtambo wa kilowati 220 uliounganisha seli za oksaidi ngumu zenye shinikizo na turbini ndogo ya gesi. Moshi wa seli ndio uliozungusha turbini, na mtambo ulipata ufanisi wa karibu asilimia 53. Turbini ina bei yake, ina kelele, inaharibika, lakini kwenye joto la namna ile inavuna mara kadhaa ya kile ambacho kigae kingepata. Kanuni ya jumla ni kwamba kigae hushindwa na mashine inayozunguka kadiri mtambo unavyokuwa mkubwa, na hupata nafuu kadiri mtambo unavyokuwa mdogo, kwa kuwa turbini ya wati 50 ni kichekesho ilhali kigae cha wati 5 kina ufanisi uleule wa kigae cha wati 500.

Mpaka hapa tumehoji namna ya kupata umeme kutoka kwenye joto. Swali ambalo Wajapani walijiuliza mapema ni kwa nini iwe umeme. Tangu 2009 wanauza mitambo ya nyumbani iitwayo Ene-Farm: seli ya fueli ya wati 700 hadi kilowati moja, inayokula gesi ya jikoni, na joto lake linaingia kwenye tangi la maji ya kuogea ya nyuzi 60 hivi. Ukijumlisha umeme na maji ya moto, matumizi ya fueli yanafika hadi asilimia 95. Zaidi ya mitambo 300,000 imekwisha kufungwa majumbani. Familia ya Kijapani huoga kwa kuzama kwenye beseni la maji ya moto kila jioni, hivyo joto maskini limepata mteja mwaminifu. Vigae hapo haviwezi hata kuingia mlangoni: seli ina nyuzi 70, tangi lina 60, na nyuzi 10 hazitoi kitu.

Mwambao wa Afrika Mashariki maji ya moto si bidhaa ya kugombaniwa. Kinachogombaniwa ni baridi. Iko mitambo ya kupoza inayoendeshwa kwa joto, mojawapo ikitumia silika jeli, zile punje zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu kunyonya unyevu. Punje zikipashwa kwa maji ya nyuzi 60 hadi 90 huachia mvuke, zikipoa huunyonya tena, na mnyonyo huo hulazimisha maji yavukizwe kwa shinikizo dogo na kuleta ubaridi. Kilowati moja ya joto, hali ikiwa nzuri, hutoa karibu nusu kilowati ya ubaridi. Linganisha na vigae vyetu: wati 13 za umeme zikiendesha kompresa nzuri zinaleta ubaridi wa wati 40 hivi. Joto lilelile, tofauti ya zaidi ya mara kumi. Mitambo hiyo ni mizito, inachukua nafasi, na jioni ya joto la pwani ufanisi wake hulegea. Bado, anayetaka kuhifadhi samaki au kupoza chumba cha mitambo ya simu kwa joto la seli ya fueli aanzie hapo kabla ya kugusa teluridi ya bismuthi.

Isionekane kwamba nina ugomvi na vigae. Vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa 1977 vimeishi kwa thamoelektriki muda wote huu. Kila kimoja kilibeba jenereta tatu zilizotoa jumla ya wati 470 hivi mwanzoni, upande wa moto ukiwa karibu nyuzi 1,000 kutokana na plutoniamu. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 6 na kitu, nao ulitosha, maana hakuna fundi anayeweza kufuata chombo nje ya mfumo wa jua. Majiko ya kuni ya BioLite, yanayouzwa Kenya pia, hutumia kigae kimoja karibu na moto kupata wati chache za kuendesha feni, na feni hiyo hupunguza moshi. Katika mifano yote miwili joto ni kali na kazi ni ndogo lakini ya lazima, huku matengenezo yakiwa magumu au ghali. Hayo ndiyo masharti. Hata ekzosi ya gari la petroli, yenye joto zuri kuliko rejeta, haikuyatimiza yote: miaka ya mwisho ya 2000 na mwanzo wa 2010 BMW na Ford walishiriki mradi uliofadhiliwa na Wizara ya Nishati ya Marekani, mifano yao ikatoa mamia ya wati, lakini vigae havikufika kwenye magari ya kuuzwa.

Kisa kimoja cha Kanada kinanifurahisha kuliko makala nyingi. Kampuni ya Global Thermoelectric ya Calgary ilijijengea jina kwa jenereta za thamoelektriki zinazounguza gesi kidogo huko nyikani, kando ya mabomba ya gesi na mafuta, ili kuwasha vifaa vya mawasiliano na kulinda mabomba yasile kutu. Baadaye ikaingia kwenye seli za oksaidi ngumu. Teknolojia zote mbili tunazozungumzia zilikaa chini ya paa moja. Mwaka 2003 FuelCell Energy ya Marekani iliinunua kampuni hiyo kwa ajili ya seli, na mwaka uliofuata ikaiuza biashara ya thamoelektriki kwa wengine. Kama ndoa ya seli na vigae ingekuwa na faida ya wazi, pale ndipo mahari ilipokuwa rahisi kuliko mahali popote. Wafanyabiashara waliona biashara mbili, kila moja na wateja wake.

Kwa anayesoma utafiti wa fani hii, mambo matatu yanafaa kutazamwa kabla ya kushangilia asilimia iliyoandikwa kwenye muhtasari. Upande wa baridi ulipozwa kwa nini? Maji ya bomba la maabara yenye nyuzi 15, yanayosukumwa na pampu isiyohesabiwa, huleta matokeo mazuri yasiyokuwepo barabarani. Je, pampu na feni zimetolewa kwenye hesabu? Na je, mwandishi amelinganisha na seli ileile ikiwa na rejeta yake ya kawaida kwenye joto lake bora, au amelinganisha na seli ambayo joto lake lilikuwa linatupwa hovyo? Makala nyingi za uigaji wa kompyuta hukwama kwenye swali la tatu. Kuna na suala la uimara ambalo uigaji hauligusi: seli ya gari huwashwa na kuzimwa mara nyingi, bamba za kauri hupanuka na kusinyaa, na viungo vya lehemu huchoka. Vigae 65 vikiwa kwenye mfuatano mmoja, kiungo kimoja kikikatika vyote vinanyamaza.

Niliahidi mahali pembeni ambapo vigae vinafaa. Mwaka 2018 kampuni ya GenCell ya Israeli ilitangaza makubaliano na Adrian ya Kenya ya kuweka kwenye minara ya simu mitambo ya seli za fueli inayolishwa amonia, badala ya jenereta za dizeli. Sababu inaeleweka: haidrojeni ni ngumu kusafirisha hadi mnara ulio porini, amonia huwekwa kwenye mitungi na hupakiwa kwenye lori. Lakini amonia lazima kwanza ivunjwe kuwa haidrojeni na nitrojeni, na kila moli inadai kilojuli 46 za joto, tena kwenye mamia mengi ya nyuzi. Joto la seli yenyewe, lililo chini ya nyuzi 100, haliwezi kazi hiyo hata likiwa jingi kiasi gani. Sehemu ya fueli inaunguzwa kupasha tanuri ya kuvunjia. Ndani ya sanduku moja kuna joto la aina mbili: la seli, tele na maskini, na la tanuri, kali na ghali.

Vigae kwenye seli ya mtambo kama huo ningevikataa kwa hesabu zilezile za mwanzo. Ukutani mwa tanuri ni habari nyingine. Tanuri lazima iwake kabla seli haijatoa hata wati moja, na wakati huo vali, pampu ndogo, kompyuta ya usimamizi na modemu vinahitaji umeme kutoka betri. Betri iliyolala kwenye joto la Turkana au Garissa kwa miaka miwili ndiyo kitu cha kwanza kufa kwenye mnara. Kigae cha teluridi ya risasi, kinachostahimili nyuzi 500, kikiwekwa pale ambapo joto lingevuja ukutani hata hivyo, kinaanza kutoa umeme dakika chache baada ya moto kuwaka na kuipokea kazi ile kutoka kwa betri iliyochoka. Kitakachotoka ni wati 10 au 20, wala hakitaongeza ufanisi wa mtambo kwa kiasi cha kuandikwa kwenye muhtasari wa makala. Mbunifu atakayekiweka hapo atabaki na kazi ya kupata upande wa baridi ulio salama dhidi ya amonia, kwa kuwa amonia hula shaba, na vibadilisha joto vingi vya vigae hutengenezwa kwa shaba.